Sura ya Tisa: Dungu la Orrin Saarela

Mkanda uliokatika ulilala juu ya meza ya kambi, kati ya birika la kahawa na sahani ya pasti za nyama na viazi ambazo hakuna aliyekuwa na hamu nazo. Jua la miaka lilikuwa limeuchujua hadi ukawa mweupe, na pale ulipokatikia palikuwa pametafunwatafunwa na kindi. Sajini Marlys Tervonen aliusukuma kwa kalamu hadi mbele ya Curt Beaudoin.

"Huu ndio ulioshika dungu la baba mkwe wako?"

"Ndio uliokutwa mtini, Afande."

"Sikukuuliza ulikutwa wapi."

"Mimi nilifunga mwingine. Mwezi wa nane, nilibadili mikanda inayofunga madungu yetu mawili ya kuwindia kwenye miti, langu na la mzee, kama kila mwaka. Huu siujui."

"Mkanda hauoti mtini kama uyoga, Curt."

Curt alishika kichwa. Alikuwa fundi wa magari, mtu wa kukaza nati kisha akarudi kuikagua tena, na sasa nati moja ilikuwa imemlegezea maisha yake yote. Mkuu wa polisi wa kaunti alikuwa amekwisha kukata shauri tangu jana jioni: uzembe uliosababisha kifo. Greda likishafungua barabara iliyofukiwa na theluji ya usiku, kijana ashushwe mjini akafunguliwe mashtaka. Mkewe, binti wa marehemu, alikuwa amempigia simu mara moja tu. Alimuuliza, "Ulibadili au hukubadili?" Alipochelewa kujibu, akakata.

"Mbona ulichelewa kumjibu?" Marlys aliuliza.

"Kwa sababu naukumbuka mkono wangu ukikaza ule mpya. Halafu nautazama huu hapa. Usiku kucha nimejiuliza, labda naukumbuka mwaka jana." Macho yake yalikuwa mekundu. "Afande, kama nimemuua mzee kwa uvivu, niambie tu. Nitakwenda mwenyewe."

Hilo ndilo lililomuudhi Marlys. Katika kazi yake alikuwa ameona wenye hatia wakijitetea hadi povu linawatoka, lakini mtu anayeanza kuukubali uongo juu yake mwenyewe alimtia hasira.

"Mpango wa mikanda mipya ulikuwa wa nani?"

"Wa mzee. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha usalama wa madungu mjini. Kila kiangazi alitaka mikanda ilegezwe, mti upate kunenepa, ikaguliwe, iliyochoka itupwe. Mimi hununua ya rangi ya chungwa, ili nikiitazama kutoka chini nijue ni ya mwaka huu."

"Acha kumtesa kijana," ilisema sauti kutoka pembeni mwa jiko la kuni. "Amekosa, amekosa. Maji yakimwagika hayazoleki."

Huyo alikuwa Lyle Rautio, mshirika wa tatu wa kambi, rafiki wa marehemu tangu shule ya msingi. Ndiye aliyemkuta Orrin amekufa adhuhuri ya jana, siku ya ufunguzi wa msimu wa kuwinda kulungu. Alikuwa amekaa karibu na jiko lililowaka hadi bomba lake likawa jekundu, na bado alikuwa amevaa koti lake zito la kuwindia, limefungwa hadi kidevuni. Jasho lilikuwa likimtiririka mashavuni.

"Vua koti, Lyle, utaiva," Marlys alimwambia.

"Baridi imeniingia mifupani, binti Tervonen. Uzee huo, na wewe unakuja."

Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa umepigiliwa vipande vya vitambaa, vyekundu, vya kijani, vingine vimeliwa na nondo. Ni mapindo ya mashati. Katika kambi za huko, mtu akifyatua risasi akamkosa kulungu, jioni wenzake humkata pindo la shati alilovaa, wakalipigilia ukutani pamoja na jina lake na mwaka, na kicheko chake hudumu kuliko msiba. Orrin alikuwa nalo moja tu, la ujanani, na alilionyesha wageni kabla hawajauliza.

"Haya, tuurudie mlio," Marlys alisema. "Mlisikia risasi moja asubuhi."

"Moja," Curt alisema. "Upande wa mashariki, ng'ambo ya mgongo wa kilima. Nikajua mzee amepata nyama."

"Lyle?"

"Nilidhani vivyo hivyo. Orrin kapiga."

"Bunduki ya Orrin ilikutwa ikining'inia kwenye kamba ya kuivutia juu, chemba tupu, risasi zote bado kwenye magazini. Hakuwahi hata kuifungua kamba. Dungu lilimtoka miguuni kabla hajaivuta juu."

Lyle alipangusa jasho kwa kiganja. "Basi majirani. Milima hii hutupa sauti, unaweza kusikia kikohozi cha mtu wa kaunti nyingine."

"Na firimbi ya kuitia msaada, aliyokutwa nayo shingoni, hukuisikia?"

"Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwangu kwenda kwake. Na kumwona, nisingeweza. Muulize Curt. Madungu yetu hayaonani."

Curt alitikisa kichwa kukubali. "Mzee aliyapanga yeye. Kila dungu liangalie upande wake, pasiwe na mtu kwenye njia ya risasi ya mwenzake. Na hatutembeleani, Afande. Mtu haendi kwenye dungu la mtu, ataacha harufu na kuharibu uwindaji."

"Hata kiangazi?"

"La Lyle sijalitia macho tangu nioe."

Marlys alimeza kahawa iliyopoa. Daktari alikuwa amemweleza kwa redio jambo ambalo kwa mkuu wake lilikuwa dogo, na kwake likawa kubwa. Orrin hakuanguka. Mshipi wa usalama, ule unaopita mapajani na kifuani, ulimdaka kama ulivyotakiwa kumdaka. Vipandio vya juu vilikuwa vimeng'olewa na dungu lilipoporomoka, vya chini vilikuwa mbali na miguu yake. Akabaki ananing'inia. Mikanda ikabana mapaja, damu ikakaa miguuni, moyo ukakosa cha kusukuma. Mtu wa umri wake hafi papo hapo. Ana muda wa kuita, na ana muda wa kuokolewa na mtu mwenye ngazi.

Asubuhi ile, alipochakura theluji chini ya mti, Marlys alikuwa amekuta kitanzi cha kusimamia, ule utepe mfupi ambao aliyening'inia huufunga kwenye mshipi akaweka miguu ndani ili damu ipande. Pembeni yake palikuwa na glavu moja. Orrin alikuwa amevua glavu apate kukifunga, vidole vikafa ganzi, kikamponyoka. Marlys alikuwa amekitia mfukoni kimya kimya. Hakumwambia mtu.

"Lyle," alisema akiinuka, "chukua ile ngazi ya alumini. Curt, nipe mshipi wako."

"Wa nini?"

"Nataka kuona alichokiona."

*

Walikwenda wawili, Lyle akiburuta ngazi kwenye kitoroli cha kuteleza juu ya theluji. Msaidizi wa Marlys alikuwa amekwama barabarani nyuma ya greda, na mawingu yalikuwa yameinama tayari kufukia alama zilizobaki. Angeweza kungoja. Lakini akingoja, mti ungevikwa theluji mpya, na Curt angekuwa ndani ya gari la mkuu. Bunduki zote za kambi zilikuwa zimefungiwa kwenye gari lake mwenyewe, basi alijipa moyo kwamba mzee mwenye ngazi hawezi kumdhuru.

Mti ulikuwa msonobari mmoja mnene. Lyle aliegemeza ngazi, akaishika, na Marlys akapanda hadi pale dungu lilipokuwa limefungwa. Alisogeza uso karibu na gome. Katika nyufa za magamba, pale mkanda ulipokuwa ukisuguana na mti, palikuwa na nyuzi nyembamba za rangi ya chungwa, mbichi, hazijaguswa na jua. Alizitoa kwa kibano, akazitia kwenye bahasha.

Basi Curt alibadili! Mkanda mpya ulikaa hapa, kisha mtu akautoa na kuweka uliochoka. Marlys alisikia raha ya kweli, raha ya kuona kwamba kijana hakuwa ameota.

"Umeona nini?" Lyle aliuliza chini.

"Magome." Aliifunga kamba ya mshipi kwenye shina, juu ya kichwa chake, akaivuta mara mbili kuijaribu. "Sasa toa ngazi."

"Nitoe?"

"Yeye hakuwa na ngazi."

Lyle alisita, kisha akaitoa. Miguu ya Marlys ikabaki hewani.

Alikuwa amesoma kuhusu jambo hilo, na kusoma hakukumsaidia kitu. Mikanda ya mapajani iliingia ndani ya nyama. Ule wa kifuani ulipanda hadi kwapani ukambana pumzi. Mwili uligeuka polepole wenyewe, kwanza ukatazama shina, kisha kilima, kisha mashariki, na pale ukatulia, kwa sababu ndivyo kamba ilivyotaka. Hata kuchagua pa kutazama hukuachiwa.

Mbele yake palikuwa na uchochoro.

Ulikuwa umekatwa katikati ya misonobari michanga, mnyoofu, mpana wa kupitisha risasi. Visiki vyake vilikuwa bado vyeupe. Kutoka chini usingeuona, matawi yaliuziba, lakini ukiwa juu uliona hadi mwisho wake. Na mwisho wake palikuwa na mti mwingine, na juu ya mti ule dungu, kila kitu chake kijivu kwa ukongwe isipokuwa mkanda mmoja uliozunguka shina. Mkanda wa rangi ya chungwa.

Kati ya dungu lile na yeye, kwenye shina la mbetula, mti wa gome jeupe, palikuwa na jeraha jipya la risasi, chini kidogo ya usawa wa buti zake. Aliyefyatua kutoka dungu lile alikuwa amepitisha jicho lake la darubini kwenye uchochoro huu mpaka mwisho. Na mwisho wake alining'inia mtu aliyevaa rangi ya chungwa kuanzia kofia hadi magotini, kama sheria inavyotaka ili wawindaji waonane.

"Lyle," alisema. "Huu uchochoro uliukata lini?"

Lyle aliinua uso.

"Madungu hayaonani, ulisema."

Lyle alikuwa amesimama na ngazi mikononi, uso umeinuka. Hakuiegemeza mtini wala hakuitupa.

"Nirudishie ngazi, Lyle."

Theluji ilianza kudondoka. Lyle hakusogea. Marlys alingoja, na katika kungoja akaanza kusikia miguu yake ikijaa, ikawa mizito kama magunia, halafu ikaanza kuchomachoma, halafu ikaanza kutoweka. Bastola ilikuwa chini ya koti, na mkanda wa kifuani ulikuwa umepita juu yake na kuifunga kama kufuli. Akaogopa. Hakuna haja ya kupamba: aliogopa sana, akafikiria mama yake mjini ambaye angeambiwa na mtu asiyejua kusema.

"Ngazi, Lyle!"

"Nafikiri," Lyle alisema. "Ngoja kidogo. Nafikiri."

Sauti yake haikuwa ya ukatili. Ilikuwa ya mtu aliyeshikwa na jambo kubwa kuliko akili yake, na hapo Marlys akamjua. Huyu hakuwa muuaji wa kupanga. Alikuwa mtu wa kungoja. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa kwa hilo, subira yavuta heri, na hakuna aliyemfundisha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Marlys aliingiza mkono mfukoni akatoa kitanzi. Vidole havikuhisi kitu. Alipojaribu kukiingiza kwenye pete ya mshipi, kikamponyoka, kama kilivyomponyoka Orrin, na moyo wake ukashuka nacho. Lakini alikuwa amekifunga kwenye mkono wa koti kwa uzi wa kiatu kabla ya kupanda. Kilibembea kwenye uzi wake. Alikivuta kwa meno, akajaribu tena, pete ikalia, akaingiza miguu na kusimama. Maumivu ya damu iliyorudi yalimtoa machozi. Hakuwahi kuyafurahia maumivu namna ile.

Lyle alikuwa amefuatilia yote kwa mdomo wazi.

"Wewe umekifunga na uzi," alisema polepole.

"Nimekifunga."

"Orrin hakukifunga. Yeye kilianguka tu, moja kwa moja. Alikinyooshea mkono, kikawa kimeshaenda."

Marlys alimtazama kutoka juu.

"Kilikuwa chini ya theluji, Lyle. Nimekichimbua leo asubuhi, sijamwambia mtu. Wewe umekionaje kikianguka?"

Ngazi ilimponyoka Lyle, ikalala kwenye theluji. Alikaa juu ya kitoroli.

"Kwa darubini," alisema.

"Alikuwa akipuliza firimbi?"

"Alikuwa akipuliza. Nilishika kamba nishuke. Mungu shahidi, mguu ulikuwa umeshatoka. Halafu dume likatokea kwenye uchochoro. Marlys, miaka yote nimekaa humu, sijapata kuona pembe kama zile. Nikasema, dakika moja tu. Orrin ana mshipi, Orrin ndiye mwalimu wa mishipi, atakufa vipi mwalimu? Nikasema, liingie tu vizuri, nipige, kisha nikimbie kwake, nitamwambia na atacheka."

"Likaingia?"

"Lilisimama. Ile firimbi ndiyo iliyolisimamisha, lilikuwa likisikiliza. Nikapiga." Alifunika uso. "Nilipoinua tena darubini, firimbi ilikuwa imenyamaza."

"Ukashuka?"

"Sikuweza. Nilijua kilichonyamaza. Nilikaa hadi adhuhuri, kama mtu mwingine yeyote siku ya ufunguzi."

"Na mkanda?"

"Wangu ulikuwa umetafunwa. Nilipita hapa mwezi wa kumi, nikauona ule mpya. Nikabadilishana. Nilisema nitanunua mwingine nirudishe kabla ya msimu. Nilisahau, Marlys. Nilisahau tu." Alimtazama. "Kijana wa watu usimpeleke."

"Basi inua ngazi."

Safari hii aliinua. Hakujua pa kuiegemeza, ikambidi Marlys amwelekeze, kushoto kidogo, juu kidogo, kama anayemfundisha mtoto. Alipofika chini miguu ilikataa, akakaa kwenye theluji kando ya mtu ambaye, muda mfupi uliopita, alikuwa akimwangalia anavyokufa. Kisha akatoa pingu.

*

Kambini Curt alikuwa bado mezani, mkanda mbele yake. Aliziona pingu, akasimama.

"Ulibadili," Marlys alimwambia. Aliweka bahasha ya nyuzi za chungwa mezani. "Mwezi wa nane, kama ulivyosema. Mkanda wako ni mzima. Uko kwenye dungu la Lyle."

Curt alishika bahasha kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti, bila kuona haya.

"Nipe simu," alisema. "Nimpigie mke wangu."

"Utampigia. Lyle, vua koti nikupekue. Nalichukua."

Lyle alitazama mlango, akatazama jiko. Marlys alimfungulia pingu ya mkono mmoja. Mzee alivua koti taratibu, akasimama kando ya ukuta wa mapindo na shati lake la flaneli lililochomoka kwenye suruali. Mbele lilikuwa zima. Nyuma halikuwa na pindo. Lilikuwa limekatwa vibaya, kwa kisu, na mtu asiyeweza kuona anapokata.

Ndani ya mfuko wa koti Marlys alikuta kipande chenyewe, kimekunjwa mara nne. Kilikuwa na jina tayari, na mwaka.

"Ulijikata mwenyewe?" aliuliza. "Mle mle mtini?"

"Sheria ni sheria," Lyle alisema kwa sauti ndogo. "Nilikosa."

Curt aliacha kulia. Alitazama shati, akatazama kipande, akatazama ukuta. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya uchochoro, wala darubini, wala dume. Hakuhitaji. Alikuwa mtu wa kambi, na mlio ule mmoja alikuwa ameusikia kwa masikio yake; sasa alijua ulikuwa wa nani. Aliizunguka meza hadi akasimama mbele ya yule mzee aliyemfundisha kuchuna kulungu wake wa kwanza.

"Pembe za dume zilikuwa na ncha ngapi, Lyle?" aliuliza.

Lyle alizijua. Alizijua vizuri kuliko umri wa watoto wake.